Vinyigu Waliofuata Chai ya Bibi

Sogea karibu. Ogopa kidogo tu, usiogope sana.

Mwasiti ana miaka sita. Anaishi juu mlimani, huko Usambara, pamoja na Mama na Bibi.

Huko juu ukungu huja mchana kweupe, tena bila hodi.

Kwanza ukungu humeza mlima wa ng'ambo. Kisha humeza njia. Kisha humeza choo. Kama uko chooni, pole, umemezwa na wewe.

Mwisho ukungu humeza shamba la kabichi la Mama.

Siku moja Mwasiti alisimama kando ya shamba. Hakuona kabichi hata moja. Hakuona hata miguu yake mwenyewe.

Lakini alisikia.

Kru, kru, kru.
Nani anakula ndani ya ukungu?

"Mama?" aliita Mwasiti. Mama hakujibu. Mama alikuwa nyumbani, anapepeta mchele.

Kru, kru, kru.
Nani anakula ndani ya ukungu?

Mwasiti akatimua mbio. Kandambili moja ikabaki huko huko.

"Mama! Shambani kuna mtu anakula!"

Mama hakucheka. Aliweka ungo chini, akamshika Mwasiti mkono, wakaenda wote wawili.

Mama akainama. Akageuza jani la kabichi. Chini ya jani kulikuwa na viwavi. Walikuwa wa kijani, wembamba, wengi, na wote walikuwa wanatafuna.

"Ndio hawa," alisema Mama. "Nimewaokota, wamerudi. Nimewamwagia majivu, wamerudi."

Jani lilikuwa matundu matupu. Mwasiti alipitisha kidole tunduni, kikatokea upande wa pili.

Mama akasema taratibu, "Mwanangu, kabichi zisipofunga vichwa, hatutakuwa na cha kuuza, nitarudi Tanga kazini. Wewe utabaki na Bibi."

Mwasiti aliijua Tanga. Mama alikaa Tanga mwaka mzima. Mwaka mzima Mama alikuwa sauti tu ndani ya simu ya Bibi, na ile sauti ilikuwa inakatikakatika.

"Utaenda lini?" aliuliza Mwasiti.

"Nitangoja majuma matatu," alisema Mama. "Nikiona hazijafunga, naondoka."

Jioni ile Mwasiti hakumaliza wali wake. Aliogopa.

Kesho yake kikasikika kitu ukunguni.

Bu-bu-bu-bu-bu.

Jicho moja la njano likatokea. Likaja. Likaja. Likasimama mbele ya mlango.

Ilikuwa pikipiki. Na juu yake alikuwa Bwana Mbwambo, bwana shamba.

"Hodi hapa!"

"Karibu!" alijibu Mama.

"Shikamoo, bwana shamba," alisema Mwasiti.

"Marahaba, Mwasiti. Njoo uone nilichowaletea."

Alitoa chupa kubwa. Mdomo wa chupa ulifungwa kwa kipande cha chandarua na uzi. Ndani palikuwa na vumbi jeusi.

Kisha lile vumbi likatembea.

Zii, zii, zii.

Mwasiti akaruka nyuma, akamkanyaga Bibi.

"Usiogope, hawa ni vinyigu," alisema Bwana Mbwambo. "Ni wadogo kuliko mbu. Hawaumi watu. Wao shida yao ni viwavi tu."

"Wanawala?" aliuliza Mwasiti.

"Hawawali. Kinyigu humchoma kiwavi, chap! Humwekea mayai tumboni. Mayai yanaanguliwa, watoto wanakulia humo humo."

"Humo ndani?"

"Humo humo ndani."

"Na kiwavi?"

"Kiwavi huacha kula," alisema Bwana Mbwambo. "Huacha kabisa."

Mwili ulimsisimka Mwasiti. Hata wewe umekusisimka, kubali tu.

"Watawaonaje viwavi kwenye ukungu wote huu?" aliuliza Mwasiti.

"Hawawaoni. Wananusa."

Bwana Mbwambo alimwonyesha. Kila kinyigu alikuwa na vipapasio viwili kichwani, vyembamba kuliko uzi. Vilikuwa vinatikisika, tik-tik-tik, vinatafuta harufu hewani.

"Jani likitafunwa, linatoa harufu yake," alisema. "Kinyigu akiijua harufu ile, anaifuata mpaka kwa kiwavi. Hawa bado wachanga, hawajui kitu. Wafungueni leo hii, wakajifunze huko huko shambani."

Akawasha pikipiki. Bu-bu-bu-bu-bu. Ukungu ukammeza.

Mama akainua chupa. Lakini Bibi akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Leo hii?" alisema Bibi. "Wageni wamefika sasa hivi, hata maji hawajanywa, unawapeleka shamba?"

"Mama, ni wadudu," alisema Mama.

"Ni wageni! Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi ndivyo nilivyolelewa."

"Lakini bwana shamba amesema..."

"Bwana shamba sikumlea mimi."

Basi. Bibi akishasema, amesema.

Vinyigu wakakaribishwa jikoni. Bibi aliweka chupa yao pazuri kabisa, karibu na sufuria ya chai.

Na chai ya Bibi, jamani! Chai ya Bibi ina mdalasini mpaka pua inacheka.

Bibi alichovya pamba kwenye asali. Akaipenyeza chini ya chandarua mpaka ndani ya chupa. "Karibuni, wageni. Kuleni, msione haya."

Mvuke wa chai ukapita kwenye chandarua. Vinyigu wakanusa mdalasini, wakaramba asali.

Nusa, ramba. Nusa, ramba.

Siku ya kwanza ikapita. Nusa, ramba.

Siku ya pili ikapita. Nusa, ramba.

Na huko shambani?

Kru, kru, kru.

Siku ya tatu Bibi alisema, "Haya, leo jembe."

Wakaenda shambani wote watatu. Mama alibeba chupa. Mwasiti alibeba kisu cha kukatia uzi. Bibi alibeba kikombe chake cha chai, maana Bibi na kikombe chake hawaachani.

Ukungu ulikuwa mzito. Kabichi zilikuwa zinatafunwa humo ndani.

Kru, kru, kru.

Mama akakata uzi. Vinyigu wakatoka, wakapanda juu kama moshi wa kibatari.

Zii, zii, zii.
Harufu inatoka wapi?

Wakaenda kushoto. Wakaenda kulia. Kushoto. Kulia. Wakasimama hewani.

Kisha wakageuka, wote kwa pamoja. Wakamwelekea Bibi.

Bibi akapiga hatua moja nyuma. Wakaja hatua moja.

Bibi akapiga hatua mbili. Wakaja hatua mbili.

Bibi akageuka, akaanza kwenda nyumbani. Nyuma ya kichwa chake, katika ukungu mweupe, lilimfuata wingu dogo jeusi.

"Mwasiti," aliita Bibi kwa sauti nyembamba. "Mke mwenzangu. Nyuma yangu kuna nini?"

"Wageni wako, Bibi."

Bibi akakimbia! Bibi yule yule anayesema magoti yanamuuma. Alikimbia, akaingia jikoni, akafunga mlango, ba!

Kimya.

Kisha, chini ya mlango...

Zii, zii, zii.
Harufu inatoka wapi?

Waliingia mmoja mmoja. Wakatua kwenye kikombe. Wakatua kwenye sufuria. Wakatua kwenye mtandio wa Bibi, wakatulia hapo, vipapasio vinatikisika. Tik-tik-tik.

"Wanataka nini kwangu?" alinong'ona Bibi. "Mimi si kiwavi!"

Mama na Mwasiti wakaingia na chupa. Mama akaona. Akakaa juu ya kigoda, akafunika uso kwa viganja.

"Basi," alisema Mama. "Imeshindikana."

Mwasiti alijisikia vibaya sana. Kumwona Mama vile kulimtisha kuliko ukungu, kuliko vinyigu, kuliko jicho la njano. Alitaka kulia.

Lakini kwanza aliangalia kikombe.

Akakisogeza kikombe mpaka dirishani. Vinyigu wakaruka, wakakifuata dirishani.

Akakisogeza mpaka mlangoni. Wakakifuata mlangoni.

Mwasiti akafungua kopo la viungo. Akatoa kipande cha mdalasini kikavu, akakinyoosha mbele.

Zii, zii, zii. Wakaja kwenye mdalasini.

"Bibi," alisema Mwasiti. "Hawakutaki wewe. Wanataka mdalasini. Wakinusa mdalasini wanaona asali ipo."

Bibi akatazama kikombe. Akatazama chupa. Akaitazama pamba yenye asali.

"Kumbe mimi ndiye niliyewafundisha," alisema Bibi. Alisema kwa aibu, na Bibi si mtu wa aibu.

"Tuwafundishe tena," alisema Mwasiti.

Akaweka mdalasini ndani ya chupa. Vinyigu wakaingia, wa kwanza mpaka wa mwisho. Akautoa mdalasini polepole, akafunga chandarua.

Sasa lilitakiwa jani. Si jani zima, bali jani linalotafunwa, na viwavi wake juu yake.

Mama alikuwa bado amefunika uso. Bibi alikuwa bado anatetemeka. Mwasiti akatoka peke yake.

Nje palikuwa peupe. Juu peupe, chini peupe, mbele na nyuma peupe.

Kru, kru, kru.
Nani anakula ndani ya ukungu?

Mwasiti aliogopa ukungu. Lakini Tanga aliiogopa zaidi. Akaenda.

Akapapasa kwa mikono. Hili jani zima. Hili zima. Hili... matundu! Na juu yake kitu laini kikajikunja.

Mwasiti akafumba macho, akalichuma. Jani likatoa harufu kali, harufu ya kijani, ikamfika puani. Jani zima halikunukia vile.

"Ndiyo hii," alisema Mwasiti. Akageuka arudi nyumbani.

Nyumba haikuwepo.

Ukungu ulikuwa umeimeza. Njia haikuwepo. Mwasiti akaita, na sauti yake ikaenda karibu tu, ikaishia hapo.

"Mama!"

Hakuna.

Mwasiti akasimama. Moyo ulimwenda mbio, du-du-du-du. Mimi ningelia. Yeye alinusa.

Upepo mdogo ulipita usoni mwake. Ndani ya upepo kulikuwa na mdalasini.

Mwasiti akaufuata upepo unakotoka. Mdalasini ukapotea. Akaenda kushoto. Hakuna. Akaenda kulia. Upo! Hatua moja, hatua mbili. Ukapotea tena. Kushoto. Kulia. Upo!

Mkono wake ukagusa ukuta. Ulikuwa ukuta wa jiko.

Mama alikuwa mlangoni, anamwita. Akamkumbatia kwa nguvu, jani na viwavi wakiwa katikati.

Wakaliweka jani ndani ya chupa. Wakasogeza vichwa vyao vitatu, wakatazama.

Kinyigu mmoja akashuka. Akaligusa jani kwa vipapasio, tik-tik-tik. Akazunguka tundu. Akapita juu ya mavi ya kiwavi. Ndiyo, mavi, usicheke.

Kisha akamkuta kiwavi mwenyewe.

Chap!

Kiwavi akashtuka. Kinyigu akajisugua mabawa, akatafuta mwingine.

Kinyigu wa pili akashuka. Wa tatu. Wa kumi.

Nusa, gusa, chap! Nusa, gusa, chap!

"Wanajifunza," alinong'ona Mama. Hiyo ndiyo mara ya kwanza siku ile Mama kuonekana ana matumaini.

Siku ile chai haikupikwa tena. Bibi alikunywa maji ya moto matupu, pua ameikunja. Tangu Bibi azaliwe hajafanya kitu kigumu kama kile.

Asubuhi wakaenda tena shambani. Bibi alitembea mwisho kabisa, mikono mitupu.

Mwasiti mwenyewe alifungua chupa.

Zii, zii, zii.
Harufu inatoka wapi?

Vinyigu wakapanda juu. Wakasimama hewani. Bibi akajificha nyuma ya Mama.

Wakaenda kushoto. Wakaenda kulia. Kushoto. Kulia.

Kisha wakaelekea upepo unakotoka. Wakaingia kwenye kabichi. Ukungu ukawameza.

Mwasiti alingoja. Hakuna aliyerudi.

Juma la kwanza sauti ilikuwa ile ile. Kru, kru, kru.

Juma la pili sauti ikapungua. Kru... kru.

Mwasiti akageuza jani. Kiwavi mmoja alikuwa amesimama, kichwa juu. Hakula. Hakutembea. Alikuwa yupo tu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Karibu naye kulikuwa na vifuko vidogo vyeupe, kama punje za mchele zilizomwagika.

"Usiviguse," alisema Mama. "Humo ndani mna watoto."

Mwasiti akainama karibu zaidi. Kifuko kimoja kikatikisika. Kikafunguka juu, kama sufuria inavyofunuliwa. Vipapasio viwili vikachungulia nje.

Kinyigu mpya akatoka. Kabla ya kuruka, kabla ya kitu chochote, alilinusa jani alilosimama juu yake.

"Huyu hakupita jikoni," alisema Bibi. "Afadhali."

Juma la tatu ukungu ulikuja mapema. Ulimeza mlima, ukameza njia, ukameza choo, ukameza shamba.

Mwasiti alisimama kando ya shamba. Akasikiliza.

Akasikiliza tena.

Hakuna aliyekuwa anakula ndani ya ukungu.

Ilikuwa kimya, kimya kabisa. Kimya kile nacho kilitisha kidogo. Mama alikuwa kando yake. Mwasiti akamshika mkono, wakaingia ndani ya kimya kile.

Mama akapapasa kabichi ya kwanza. Akaigonga kwa kidole. Ko! Ilikuwa ngumu, imefunga vizuri.

Akaigonga ya pili. Ko! Ya tatu. Ko!

Mama akaenda mstari mzima anagonga kabichi. Mwasiti hakumwona ndani ya weupe ule, alisikia tu. Ko! Ko! Ko! Alitaka kuuliza. Hakuthubutu.

Jioni walikula wali na kabichi. Mwasiti hakuthubutu kuuliza.

Waliosha vyombo. Hakuthubutu kuuliza.

Usiku Mwasiti akapanda kitandani, akajifunika mpaka puani. Mama akazima taa, akalala kando yake. Ukungu ulikuwa dirishani, mweupe, unachungulia.

"Mama," alisema Mwasiti. "Kesho utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Na keshokutwa?"

"Nitakuwepo."

"Na juma lijalo?"

"Juma lijalo tutapanda karoti, mimi na wewe. Lala sasa."

Lakini nani alilala kwanza? Alilala Mama! Alikuwa amechoka, maskini.

Khoroo... fyuu. Khoroo... fyuu.

Kelele kweli kweli, tena sikioni mwa Mwasiti. Simu haileti sauti kama ile.

Mwasiti aliisikiliza kwa muda mrefu, akiwa na furaha, mpaka naye akalala.